Ukurasa Unasema Daraja Liko Wazi

Mvua ilikuwa imeshika kasi tangu asubuhi, lakini fundi wa tovuti ya ofisi ya barabara alikuwa ametulia tuli. Kwenye kompyuta yake, ukurasa wa daraja la mtoni ulisema kwa herufi nyekundu: LIMEFUNGWA. Mlinzi wa daraja alikuwa ametuma taarifa kutoka huko huko mtoni, ng'ambo ya pili, nayo ikatokea papo hapo. Kazi safi! Si alishatamba ofisi nzima kwamba tovuti iliyokuwa ikijikokota sasa inakimbia kama umeme?

Mama wa mapokezi akachungulia mlangoni, simu mkononi. "Bwana Umeme, mbona kwangu daraja liko wazi?"

"Simu yako imezeeka, shangazi."

"Imezeeka kama mimi, lakini kusoma inajua."

Fundi akaichukua simu huku anacheka. Herufi za kijani: LIKO WAZI. Akafungua kwenye simu yake, safari hii bila kuingia kama msimamizi. LIKO WAZI. Kicheko kikamfia mdomoni.

Alielewa palepale. Ili tovuti ikimbie, aliiamuru isitengeneze kurasa upya kila mara. Itunze nakala, iwagawie watu ile ile kutwa nzima. Kwa matangazo ya mikutano, sawa. Ukurasa wa daraja, unaobadilika kadiri mto unavyobadilika, alisahau kuutenga. Na kila alipojaribu kazi yake, alijaribu akiwa msimamizi, ambaye tovuti haimpi nakala kamwe. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akionyeshwa ukweli.

Na dada yake alikuwa barabarani na wanawe. Njia yake ni ile.

Akafuta nakala zote zilizokuwa kwenye tovuti. Simu ya mama wa mapokezi bado kijani. Nakala nyingine zilikuwa zimejihifadhi ndani ya simu za watu, kwa amri yake mwenyewe, na huko mkono wake haukufika.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena.

"Una nini wewe? Naendesha!"

"Dada, uko wapi?"

"Nateremkia mtoni. Tulia, nimeangalia tovuti yako. Liko wazi."

"Usiiamini! Simama!"

"Leo hii? Wewe uliyetuchosha na sifa zake?"

"Dada, nakusihi. Nimeharibu. Ni mimi niliyeharibu. Simama hapo hapo!"

Tangu utotoni hakuwahi kumtamkia dada yake neno hilo la kukiri kosa. Labda ndilo lililomshtua. Fundi akasikia breki zikilia, mtoto akapiga kelele, kisha ngurumo nzito ambayo haikuwa ya mvua.

"Mdogo wangu." Sauti ya dada ilikuwa imekauka. "Daraja silioni. Naona maji tu."

"Rudi nyuma!"

"Nirudi wapi? Nyuma yangu kuna foleni, wananipigia honi nipite." Mlango wa gari ukafunguka, ngurumo ikazidi. "Nimesimama katikati ya njia nawapungia mikono, na kila mmoja ananyoosha simu yake dirishani kunionyesha kijani."