Kofia ya Begimai

Mtu akinywa supu ya moto na kofia kichwani, ama ana upara ama ana jambo. Begimai alikuwa na nywele za kufika kiunoni. Meerim naye, mdomo wake haujawahi kwenda likizo, akamaliza chai nzima ya asubuhi bila kuisema ile kofia. Hapo ndipo Saikal angeshtuka, lakini mwenye furaha hashtuki upesi.

Walikuwa wanne, wametoka jijini Bishkek kuja kupumzika siku mbili kwenye nyumba ya mbao chini ya mlima, juu kidogo ya mji wa Karakol. Saikal, Begimai na Meerim walikuwa mashoga tangu shule; wa nne, Tologon, alikuwa mume wa Meerim na mwenye gari. Ermek aliahidi kuja, kisha akasema amebanwa na kazi. Saikal hakununa. Ermek alikuwa wake mwaka wa tatu sasa, na neno lilikuwa limeshatoka: theluji ikiyeyuka, mama yake atakuja kumvisha hereni. Na kwao mama wa mvulana akishamvisha binti hereni, hakuna tena cha kujadili, huyo ana wenyewe. Kwa hiyo tangu majani yaanze kupukutika Saikal alizivua zake, masikio yakakaa matupu yakingoja mgeni.

Tena hereni zenyewe alizijua. Ermek alimpeleka kwa sonara. "Mama anamnunulia binamu yangu, hebu nichagulie." Binamu gani! Saikal akacheka kimoyomoyo, akajipima moja moja mbele ya kioo mpaka akazipata: za fedha, zina marijani nyekundu na vinyororo vinavyolia ukigeuza shingo.

"Leo nakupandisha juu kabisa," alimwambia Begimai wakifunga miguuni mbao za kutelezea thelujini. Saikal ni mzawa wa Karakol, kateleza kabla hajajua kusoma, kabla ya kuhamia mjini. Begimai, mtoto wa mjini, hata kusimama juu ya mbao alisimama kama ndama aliyezaliwa jana.

Kiti cha kupandishia watu mlimani, kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma, kikawabeba, misonobari ikabaki chini ya nyayo zao.

"Shoga, mbona unatetemeka?"

"Baridi."

"Mwakani Ermek akija tutamfunga kamba kama mbuzi, naye hajui kitu."

Begimai hakucheka. "Saikal."

"Ee?"

"Basi. Tukifika juu nitakwambia."

"Una mimba nini, wewe?"

"Tukifika, nimesema!"

Walipofika, mdomo haukuwahi. Mbao zilimponyoka Begimai, akaenda chini mzimamzima, kofia ikaviringika mteremkoni. Saikal akaifuata akicheka, akaikung'uta theluji, na kabla hajainua macho akasikia vile vinyororo.

Marijani nyekundu. Kwenye weupe ule zilionekana kama damu ya kuku.

"Lini?" aliuliza.

"Jumapili iliyopita. Mama yake alikuja na mashangazi." Begimai alikuwa bado amekaa chini, miguu imepishana. "Nilitaka kukwambia, wallahi. Meerim akasema tukulete huku kwenu, ukishafurahi ndipo tukwambie taratibu."

"Kumbe nimeletwa kwenye matanga yangu, na mimi ndiye niliyepika maandazi ya njiani."

"Ermek aliogopa kukwambia."

"Kunipimisha hereni za mke wake hakuogopa?"

Begimai akashika sikio. Hilo hakulijua; ilionekana wazi usoni. Saikal akamwonea huruma kidogo, halafu huruma yenyewe ikamuudhi.

Viti vile vilipandisha watu tu, havikushusha. Mteremko ulikuwa mrefu na mgumu.

"Usiniache hapa, Saikal. Nakuomba."

Aliwaza kumwacha. Tena aliwaza vizuri, bila haraka. Kisha akamsogelea, akamvika kofia mpaka kwenye nyusi, akampa mgongo. "Nishike kiuno. Nikiinama, inama. Na usiongee."

Wakashuka. Begimai alimkumbatia kama mtoto anavyombana mama yake, na kila kona, chini ya sufu ya kofia, hereni zikalia karibu na shingo ya Saikal.

Chini Meerim aliwapokea na simu mkononi, akiwapiga picha. Alipoona nyuso zao akaishusha. "Mmeshaambiana?"

"Na shemeji alijua?" Saikal akamgeukia Tologon.

Tologon akaanza kupangusa kioo cha gari kilichokuwa safi.

Lakini kondoo alikuwa ameiva, meza imejaa, na mezani kwao kila mtu humwombea mwingine heri kabla ya kunywa, zamu haikwepeki. Meerim aliomba afya, Tologon akaomba barabara njema. Zamu ya Saikal ikafika. Akasimama na kikombe cha konyaki, ile pombe kali.

"Begimai, vua kofia. Humu ndani kuna joto."

Begimai akavua. Vinyororo vikalia.

"Hereni hizo nilizichagua mimi," Saikal alisema. "Usilale nazo. Ni nzito, zitakupasua masikio. Nilimwambia Ermek siku ile ile, akasema atakayezivaa atazoea."

Akanywa mpaka tone la mwisho, akakaa, akavuta sahani ya nyama. Kisha akamtuma Tologon akawashe gari, yeye anaondoka.