Kopo la Majivu

Ipinda nzima hakuna aliyezijua baiskeli kama Ambilikile, na hakuna aliyekuwa na baiskeli mbovu kama yake. Mganga hajigangi. Banda lake la ufundi lilikuwa jirani na soko, na kutwa alikuwa akiziba pancha za wabeba ndizi, akinyoosha rimu, akikaza minyororo ya vijana wanaotaka kupita kwa mbwembwe mbele ya wasichana. Jioni ikifika anapanda lake, dude la Kichina lenye keria ya nondo, linalia kwii kwii mpaka nyumbani. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hajawahi kupanda baiskeli mpya hata siku moja.

Ndipo alipokuja Philemon, bwana umwagiliaji wa wilaya, mtu wa Rombo, mwembamba, asiyejua kutulia kitini. Alikuja na baiskeli ya mashindano, nyepesi hata unaiinua kwa vidole viwili. Aliposikia kwamba mwezi wa saba kutakuwa na mashindano Matema, kuogelea kilomita mbili ziwani, kuendesha baiskeli kilomita tisini, kisha kukimbia ishirini na moja, yote kwa mkupuo mmoja, alisimama bandani akauliza kama kuna mwenye wazimu kama wake. Ambilikile akasema yupo. Kesho yake akamleta na wa tatu, Kisa.

Kisa alikuwa mke wa Tuntufye, na Tuntufye na Ambilikile walikuwa rika moja, walichunga ng'ombe pamoja wakachapwa pamoja. Tuntufye sasa alikuwa Chunya machimboni. Siku ya kuondoka alimshika mwenzake bega akamwambia, "Shemeji yako nakuachia. Uwe unamwangalia." Si kwamba Kisa alihitaji wa kumwangalia. Alizaliwa Matema ufukweni, akajua kuogelea kabla ya kujua kufunga kanga, na tangu aolewe Makwale alikuwa akilima mpunga na kakao kwa nguvu zilizowafanya wanaume waone haya. Mara ya kwanza walipoingia ziwani watatu, alitoka majini akakaa mchangani akamaliza andazi zima ndipo wenzake wakafika.

Basi kila Jumamosi wakawa wanajifua. Philemon aliandika ratiba na kushika saa. Njia ilikuwa kazi ya Ambilikile. Alikuwa na kopo la rangi alilolitoboa matundu kwa msumari, akalijaza majivu ya jikoni, na kila Ijumaa alasiri alizunguka akinyunyiza mistari kwenye njia panda, kama walimu wanavyochora uwanja wa shule. Ukiona majivu yamepinda kushoto, unapinda kushoto.

Ndani ya kazi hiyo mlikuwa na jambo ambalo Philemon hakulijua. Njia fupi ya kuingia Makwale inapita mlangoni kwa mzee Asajile, baba yake Tuntufye. Siku hizi wakamwana wengi wanasalimiana na wakwe zao, wanapiga nao picha harusini, dunia imeendelea. Lakini nyumba ile ilikuwa bado inashika mila ya zamani: mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Kama ni lazima mkamwana apite, mtu hutangulia akapaza sauti, mzee akaingia ndani, mwanamke akapita zake, yakaisha. Kisa hakuishika mila hiyo kwa kuogopa. "Heshima haina hasara," alisema siku moja, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo kila Ijumaa Ambilikile akifika kwenye ile njia panda ya kabla ya Makwale, alipindisha majivu kushoto, yakazunguka kwenye majaruba ya mpunga, yakatokea ng'ambo ya nyumba ya mzee bila kuipitia. Hakuna aliyemwomba. Philemon alidhani ni kuongeza urefu. Kisa alilielewa tangu siku ya kwanza. Alimshukuru tu kwa Kinyakyusa, "Ndaga, shemeji," na hawakulizungumza tena. Ambilikile alijipenda kidogo kwa jambo hilo. Mtu akifanya wema mdogo wa siri hujisikia mtu mkubwa.

Mwezi wa tano Philemon alianguka na pikipiki, goti likavimba kama papai. Mashindano kwake yakawa yameisha. Akawaita wenzake bandani, baiskeli yake akaiegemeza kwenye nguzo.

"Hii haiwezi kukaa ndani wakati ninyi mnakwenda kuua miguu na mikweche," alisema. "Lakini ni moja, na ninyi ni wawili. Jumamosi mnaogelea Matema, mnaendesha mpaka hapa, mnakimbia mpaka uwanja wa shule Makwale. Wa kwanza ataipanda siku ya mashindano. Mfuate majivu. Atakayeacha majivu, ametoka."

Kisa akacheka, akaugusa usukani wake. Ambilikile hakucheka. Aliiangalia ile baiskeli jinsi mtu mwenye njaa anavyoangalia sufuria ya jirani. Alijua vizuri sana kwamba kwa haki hataipata. Majini Kisa atamwacha, kwenye baiskeli yeye atamkaribia, na kwa miguu Kisa atamwacha tena.

Ijumaa alasiri alifika kwenye njia panda na kopo lake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima na ile njia ya majarubani ilikuwa na maji. Alijiambia maji yanafika magotini. Aliingiza mguu kuhakikisha, yakamfika kwenye kifundo. Akautoa mguu, akajiambia tena kwamba yanafika magotini. Kisha akalitikisa kopo na kupinda kulia.

Akarudi nyumbani, akanawa, akala wali na samaki, akaongeza. Hilo ndilo lililokuja kumchoma baadaye kuliko mengine: kwamba usiku ule alikula akashiba, akalala fofofo.

Jumamosi ilikuwa kama alivyoijua kabla haijawa. Kisa alitoka ziwani wa kwanza. Barabarani Ambilikile alikanyaga kama anayefukuzwa na nyuki, akampata karibu na Ipinda, wakatupa mikweche yao bandani karibu kwa pamoja. Kisa akajifunga kitenge chake juu ya bukta, kama kawaida yake anapokwenda kukatiza kwenye nyumba za watu, akaondoka. Kilomita mbili za mwanzo zikatosha. Mgongo wake ukawa unazidi kuwa mdogo kati ya mikakao.

Halafu ukaacha kuwa mdogo. Alikuwa amesimama kwenye njia panda, anaangalia chini.

Ambilikile alifika akihema. Alikuwa amejiandaa kukabili hasira yake, alikuwa na lile neno la maji ya magotini tayari mdomoni. Kisa alimwangalia bila hasira yoyote.

"Kumbe huko kumejaa maji?" aliuliza.

"Kumejaa. Yanafika magotini."

"Basi shemeji, tangulia wewe. Mpigie mzee kelele aingie ndani. Nitasikia, nitakuja."

Akajisogeza kwenye migomba kando ya njia, akasimama kwa kujificha, akisubiri. Alikuwa amempa uongozi wote aliouhangaikia, bila kufikiri mara mbili, kwa sababu aliyekuja nyuma yake alikuwa shemeji yake na wala si mtu mwingine.

Ambilikile akakimbia. Hatua mia moja na hamsini hivi, kona, na nyumba ya mzee ikaonekana. Mzee Asajile alikuwa kibarazani, amesimama karibu kabisa na mlango, mkono kwenye fremu. Mbele ya nyumba, kando ya majivu, palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda jagi la maji na kikombe. Koo lilikuwa linamwaka. Alimimina, akanywa, akamimina tena, akanywa. Mzee alimtazama kama anayengoja jambo. Neno lilikuwa moja tu. Tata, baba yangu, mkamwana wako yuko nyuma. Ambilikile aliinua mkono kumpungia mzee, akarudisha kikombe, akakimbia.

Uwanjani Philemon alimpokea kwa vigelegele utadhani ni mama wa bwana harusi. Kisa alikuja dakika ishirini na tano baadaye, kutoka upande wa majarubani, tope limemrukia mpaka kiunoni, kitenge kimechanika.

"Umeacha majivu, Kisa," Philemon alisema kwa huruma. "Ulichoka?"

Kisa alimwangalia Ambilikile. Hakumwangalia kwa muda mrefu. Kusema ukweli kungekuwa kumweleza mgeni mambo ya nyumba ya mkwe wake, na kumshitaki shemeji yake hadharani, na vyote viwili havikuwa tabia yake.

"Nimeacha," alisema. "Hongera, shemeji."

Philemon akasema lisimsumbue, mbio za miguu ni ngumu, wanawake pumzi huwa zinawakatikia mwishoni. Ambilikile alisikia upuuzi huo wote, na pumzi za Kisa alizijua, na akanyamaza.

Wiki mbili akawa na baiskeli. Ilikimbia kama alivyoota, haikulia hata kidogo, na kila alipoipanda aliona aibu. Wabeba ndizi walimsifia, akajibu kwa mkato. Mkewe alimuuliza mbona hafurahi, akasema tandiko linaumiza. Jumamosi Kisa alikuja mazoezini kama kawaida, akasalimia kama kawaida, ila sasa alikimbia nyuma. Ambilikile alikuwa amerudisha majivu kushoto, kwenye majaruba, na Kisa hakusema "ndaga".

Jumatano moja mzee Asajile akaja bandani akisukuma baiskeli yake, gurudumu la nyuma limelala.

"Ugonile, mwanangu."

"Ndaga, tata." Ambilikile akainama upesi kufungua tairi, apate mahali pa kuweka uso.

Mzee akakaa kwenye benchi. Akaongea habari za mvua, habari za kakao kuoza mitini, habari za kwaya. Kisha, kwa sauti ileile, akasema:

"Ijumaa ile niliona majivu yako yanapita kwangu. Nikasema, kumbe mara hii mkamwana wangu anapita kwangu. Nimekuwa nikisikia tu watu wanavyosema, mkamwana wa Asajile anakimbia kama upepo. Nami simwoni, ndiyo mila yetu. Nikasema basi nitaingia ndani, nitasikiliza hata miguu yake."

Ambilikile aliendelea kushika bomba la pampu bila kupampu.

"Jumamosi nilisimama mlangoni mapema, nisije nikamchelewesha," mzee akasema. "Nikangoja sauti yako. Ukapita. Nikasema labda yuko mbali bado. Nikaingia ndani hivyohivyo, nikakaa. Nilikaa mpaka saa sita."

"Tata..."

"Maji yale nilimwekea yeye. Si vibaya, ulikuwa na kiu." Mzee akainuka, akalikagua gurudumu. "Limekwisha? Ndaga fijo."

Huenda hakukusudia hata hayo yawe lawama. Aliondoka akiendesha taratibu. Ambilikile alibaki amechuchumaa kati ya spana zake, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alitamani mzee angemtukana. Tusi unaweza kulijibu. Aliyakumbuka yale maji, yalivyokuwa baridi, na kwamba alikunywa vikombe viwili.

Alifunga banda saa nane mchana, jambo ambalo watu wa sokoni walilishangaa, akaisukuma baiskeli ya Philemon mpaka Makwale. Hakuipanda. Alimpitia Philemon ofisini kwake kwanza, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni: njia, mkwe, njia panda, sauti ambayo hakuipaza. Philemon alisikiliza mdomo wazi. Mwishoni alisema tu, "Na mimi nikasema pumzi," akajishika kichwa.

Kisa alikuwa uani anageuza kakao kwenye jamvi. Ambilikile akaegemeza baiskeli kwenye mgomba.

"Shemeji, maji hayakuwa magotini," alisema. "Yalikuwa hapa." Akaonyesha kifundo cha mguu. "Na mzee sikumwambia. Alikuwa amekuwekea maji ya kunywa. Nikayanywa mimi."

Hilo la maji Kisa hakulijua. Aliacha kugeuza kakao. Macho yakamjaa, akageuka upande, akajifuta kwa mgongo wa kiganja, akabaki na unga wa kakao shavuni.

"Tuntufye nitampigia mwenyewe, nimwambie," Ambilikile akaongeza.

"Usimpigie. Atakuja kukupiga, na nauli ya Chunya ni kubwa." Alisema kwa mzaha, ila hakutabasamu. Akaisogelea baiskeli, akakagua breki, akakagua mnyororo, akaona umetiwa grisi vizuri. "Hii nitaipanda. Nilikuwa nimeishinda."

"Ni yako."

"Nimekusamehe, shemeji. Sitaki uende hujanisikia nikisema hivyo."

Ambilikile akavuta pumzi ya kwanza ya maana tangu Jumamosi ile. Akashukuru, akaaga, akaanza kuondoka. Alikuwa amefika kwenye ukingo wa ua Kisa alipomwita.

"Ijumaa usihangaike kuchora njia. Niletee lile kopo. Nitachora mwenyewe."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayepanga kazi za wiki, kisha akarudi kwenye jamvi lake. Ambilikile akaitikia, "Haya, shemeji."

Ijumaa alilijaza kopo majivu safi, aliyoyachekecha yasiwe na mkaa, akalipeleka Makwale kwa miguu. Jumamosi, kwa mara ya kwanza, alikimbia kwenye mstari uliochorwa na mwingine. Kwenye njia panda majivu yalipinda kulia. Alisimama, akageuka. Kisa alikuwa hatua ishirini nyuma yake, na hakuwa amesimama wala kujificha kwenye migomba. Mbele ya Kisa, akichechemea na goti lake baya, alikuwa Philemon, aliyeombwa kazi hiyo tangu juzi, anapaza sauti kwa lafudhi yake ya Rombo, "Mzee! Mzee Asajile! Anakuja!"

Ambilikile akatoka njiani ili wapite.