Kokwa Mfukoni mwa Rubani

Kapteni Lakhdar aliuamini mkono wake kuliko alivyoamini watu. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila alipoishusha ndege, mkono ule ulizungusha kitufe cha kipima kimo, na hata jioni ile ya mvua juu ya Konstantina ulikizungusha. Alikumbuka hivyo. Basi kama kipimo chake kilikutwa hakijarekebishwa, yupo aliyekirudisha nyuma. Na katika chumba kile cha marubani walikuwa watu wawili tu.

"Ni Toufik," alimwambia mkewe.

Zoubida alikuwa jikoni anachambua giligilani za shorba, supu ya kufuturu. Hakuinua kichwa. "Toufik huyu aliyekuwa akikuletea supu hospitalini? Toufik anayenibebea mtungi wa gesi hadi ghorofa ya nne?"

"Huyo huyo. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mh," alisema Zoubida, akaendelea na majani yake.

Kipima kimo hakioni ardhi. Kinapima mgandamizo wa hewa tu, nao hubadilika kila siku, kwa hiyo rubani anaposhuka ni lazima akipe namba ya hewa ya mji anakotua. Asipokipa, kitamdanganya bila haya. Jioni ile mnara wa kuongozea ndege wa Konstantina uliwapa elfu moja na mbili. Kipimo cha Toufik, rubani msaidizi, kilikuwa na namba hiyo. Cha kapteni kilibaki na namba ya safari ya juu, elfu moja na kumi na tatu, kikamwonyesha kuwa yuko juu kwa futi mia tatu kuliko alivyokuwa. Walikuwa ndani ya wingu, na chini yao vilima.

"Kapteni, vipimo vyetu havilingani," Toufik alisema. "Tupande."

"Subiri kwanza."

"Kapteni, tupande!"

Hapo mtambo wa tahadhari ukapiga kelele kwamba ardhi iko karibu, naye Lakhdar akaivuta ndege juu. Walizunguka, wakatua salama. Abiria waliteremka wakinung'unika kwamba shorba zao za nyumbani zimepoa.

Sasa wote wawili walikuwa wamesimamishwa kuruka, na Alhamisi wangekaa mbele ya kamati. Lakhdar alibakiwa na miezi minane astaafu. Akipatikana na kosa, leseni ingekwenda, na miaka yote thelathini na mmoja ingefungwa kwa doa hilo moja. Toufik naye alikuwa amebakiza mtihani mmoja kuwa kapteni. Kisanduku cha ndege kilinasa sauti na namba. Hakikunasa mikono.

Lakhdar alikuwa na sababu za kushuku. Jumanne alipokwenda ofisini kuchukua fomu, alimsikia Toufik nyuma ya mlango akiongea kwenye simu: "Usimwambie mzee. Nitaandika mimi. Atajua Alhamisi." Lakhdar alipotoka na kumkuta ukumbini, kijana alishtuka, karatasi alizoshika akazificha mgongoni.

"Ami Lakhdar! Hujambo? Bi Zoubida mzima?"

"Mzima. Una nini hapo nyuma?"

"Karatasi tu, ami."

"Karatasi huwa zinafichwa?"

Toufik alicheka kicheko kikavu, akasema anawahi kumchukua binti yake shule. Saa nne asubuhi! Shule gani inatoka saa nne?

Na kulikuwa na jambo jingine, lililomkosesha Lakhdar usingizi. Kampuni yao inakataza rubani kufunga saumu siku ya kuruka. Yeye alifunga, kama alivyofunga kila mwaka, kimyakimya. Toufik alijua. Siku ile kijana alikula mkate wake akiwa amegeuzia uso dirishani, asimtamanishe mzee. Na kule juu ya mawingu, jua lilipozama mbele ya macho yao, Toufik ndiye aliyefungua kikopo cha tende akampa ya kwanza. Wakati ule Lakhdar aliuona wema. Sasa alijiuliza: tende ile ilikuwa wema, au ilikuwa ushahidi?

Jumatano mchana akaketi kuandika maelezo yake. Aliandika polepole: *Nilizungusha kitufe kama kawaida. Ikiwa namba ilibadilika baadaye, ilibadilishwa na mkono usio wangu.* Akaisoma mara mbili. Hakumtaja Toufik kwa jina, lakini hata mtoto angeelewa.

Zoubida akaingia na koti la kazi la mumewe begani. "Nalipeleka kwa dobi. Huwezi kwenda kwa wakubwa na koti linalonuka mvua." Akawa anapekua mifuko, maana mumewe huacha kalamu zikachafua nguo za watu wengine. Kwenye mfuko wa kulia akatoa karatasi laini iliyokunjwa. Akaikunjua. Ndani mlikuwa na kokwa ya tende.

"Haya," alisema. "Ulisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki hapa."

"Acha mzaha, Zoubida."

"Uliila lini hii?"

"Jua lilipozama. Mnara ulitoa namba, Toufik akaitaja, nikairudia, jua likazama, akanipa tende, nikazungusha kitufe."

"Yote kwa pamoja? Una mikono mingapi?"

Lakhdar alikasirika. Ili amnyamazishe, akavuta viti viwili vya jikoni, akaviweka sambamba mbele ya meza, akageuza kifuniko cha sufuria kuwa kitufe, akakiweka katikati. Yeye akakaa kushoto, kama kapteni. Zoubida akakaa kulia, akaona raha.

"Mimi Toufik. Elfu moja na mbili, Kapteni! Haya, shika tende yako, bismillahi."

Aliipokea kwa mkono wa kulia.

"Sasa zungusha."

Mkono ulibaki hewani. Kitufe kilikuwa kuliani kwake. Mkono unaokizungusha ndio huo huo uliokuwa na tende.

"Si uile kwa kushoto?" Zoubida alimchokoza.

"Nile kwa kushoto! Mimi?"

Hapo akaanza kukumbuka. Rubani anayekaa kulia huzungusha chake kwa mkono wa kushoto, na wa kulia uko huru kwa tende. Yeye hakuwa hivyo. Alikula kwa kulia, akaisokota kokwa ndani ya karatasi kwa kulia, akaitia mfukoni kwa kulia. Na Toufik alipouliza wakati uleule kama vipimo vinalingana, alijibu "Vinalingana" mdomo ukiwa umejaa, bila kutazama. Kitufe alikizungusha moyoni tu, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja.

Zoubida aliacha kucheka. Akamwekea mkono begani, akaondoka na koti, akamwacha na karatasi yake ya maelezo. Alipopita tena karatasi ilikuwa imechanwa vipande vinne.

Alhamisi mwenyekiti wa kamati, Bi Houria, mama mwenye miwani mizito, alianza kusoma maelezo ya Toufik kwa sauti. *Nilimpa kapteni chakula wakati usiofaa, nikamkatiza kazini. Kisha nilikubali jibu lake bila kuangalia kipimo chake. Kosa ni langu pia.* Habari ya kufunga saumu haikuwamo. Lakhdar akaelewa zile karatasi zilizofichwa mgongoni, na uso ukamwaka.

"Kapteni, wewe una la kuongeza?"

Akatoa kokwa mfukoni, akaiweka mezani mbele yake.

"Sikuzungusha kitufe. Mkono wangu ulikuwa na hii. Nikasema vinalingana na sikutazama. Kijana alinionya mara mbili, nami nikamwambia asubiri."

"Tende inaliwa na yeyote," alisema Bi Houria, akimtazama juu ya miwani. "Ulikuwa umefunga?"

Toufik alimtikisia kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Nilikuwa nimefunga," alisema Lakhdar. "Na si mara ya kwanza."

Leseni yake ilichukuliwa, ikabaki mezani kando ya kokwa. Toufik alipewa onyo, na mtihani wake wa ukapteni haukufutwa.

Ukumbini kijana alimfuata mbio. "Ami, kwa nini? Nilishalipanga! Hata yule wa ofisi ya kamati nilimwomba kwa simu asikuambie, nilijua ungekataa. Ungenyamaza tu!"

"Nilikuwa nimeandika kwamba ni wewe."

Toufik alisimama.

"Uliipeleka?"

"Niliichana jana."

Toufik akavuta pumzi. Kisha akachukua mkoba wa mzee, kwa kuwa ulikuwa mzito na ngazi zilikuwa nyingi, wakaanza kushuka.

"Mtungi wa gesi umeisha tena," Lakhdar alisema walipofika ngazi ya tatu.

"Nitaupandisha jioni."

"Basi ufuturu kwetu."