Homa Iliyompitia Mama Mkwe

Homa mpya ilipoua nusu ya waliolazwa, mji mzima ulisema inaua kuliko kipindupindu. Daktari wa wodi hakuridhika. Alikwenda sokoni kupima damu za watu wasioumwa, na mama mkwe wake, muuza nyanya, akajitolea wa kwanza.

Majibu yalipotoka, daktari alikimbia hadi sokoni akihema.

"Mama, damu yako ina kinga! Ulishaugua homa hii!"

"Mimi? Nilipiga chafya mbili tatu nikaendelea kuuza!"

"Ndiyo hivyo! Na wenzako wengi vilevile. Sisi tulikuwa tunawahesabu waliozidiwa tu!"

Mama mkwe akapiga kigelegele, soko zima likamwitikia.

"Kumbe kipindupindu ndicho kinachoua zaidi!" akasema.

Daktari akaangua kicheko.

"Mama wee! Hata kwa hicho tunawahesabu wanaofika hospitali tu. Walioharisha kidogo wakapona nyumbani, nani aliwahesabu?"

"Kwa hiyo hujui ugonjwa upi unaua zaidi?"

"Sijui!" alisema, macho yakimng'aa kama mshindi, akageuka mbio kwenda kutafuta vifaa zaidi vya kupimia damu.