Mchambuzi na Mbuzi wa Ntheo

Mimi mtu akinichokoza hupata jibu lake papo hapo, lakini siku ya ntheo yangu nilitakiwa nikae jikoni kimya. Ndiyo desturi yetu Wakamba: upande wa mwanamume unaleta mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana, dume linachinjwa, pande mbili zinakula pamoja, na kuanzia hapo msichana ni mke. Mbuzi wakikataliwa, hakuna ndoa. Nami nilimtaka Masila, jamani. Nilimtaka sana.

Masila anafundisha Fasihi, na ana ugonjwa wa kuona ishara kila mahali. Tulijuana katika kikundi cha wasomaji tunaokutana Jumamosi mjini Machakos kuchambua ngano za kale na riwaya za leo. Mvua ikinyesha kitabuni, Masila anasema ni majonzi. Mlango ukifungwa, ni ukoloni. Mimi humuuliza kama mlango hauwezi kufungwa kwa sababu ya baridi. Tulibishana hadi tukapendana.

Mwezi uliopita tulichambua riwaya mpya ya msichana anayeozwa kwa mbuzi watatu. Masila alisimama, akanyoosha kidole, akatangaza: "Mbuzi hawa watatu ni ishara! Mwanamke amegeuzwa bidhaa!" Akapigiwa makofi. Mtu akamrekodi, video ikazunguka WhatsApp, na WhatsApp haina adabu: ikafika hadi kwa baba yangu, Mzee Ndolo, hapa Katelembo. Baba akaihifadhi simuni. Alingoja.

Basi Masila akaja na wajomba zake kutoka Matuu, mbuzi wamenona, shati limepigwa pasi. Mimi na mama tulichungulia kwenye dirisha la jikoni. Baba aliwasalimu vizuri, akawapa viti, kisha akatoa simu mfukoni. Sauti ya Masila ikajaa ua mzima: "Mwanamke amegeuzwa bidhaa!" Wajomba wakaangalia viatu vyao.

"Mwalimu," baba akasema, "niko na swali moja tu. Hizi mbuzi umeleta leo ni ishara ya nini?"

Masila akarekebisha kola ya shati. "Mzee, ile ilikuwa... dhamira ya mwandishi..."

"Mwandishi hayuko hapa. Uko wewe. Mimi siuzi mtu. Kama ni bidhaa unatafuta, rudisha mbuzi zako Matuu."

Mjomba mmoja akaanza kufungua kamba za mbuzi. Mama akanishika leso, akaninong'oneza, "Kavutha, bibi harusi hatoki," lakini nilitoka, leso ikabaki mkononi mwake.

"Aiya! Baba, wewe hujasoma hicho kitabu. Na wewe Masila umekisoma vibaya!" Nilikuwa na unga hadi viwikoni na sikujali. "Yule msichana alikuwa ameenda kuteka maji mbuzi zilipofika. Alirudi akakuta tayari ni mke wa mtu. Hapo ndipo penye maudhui! Mbuzi hazina kosa, hata zingekuwa kuku. Kosa ni kwamba hakuna mtu alimuuliza. Na leo nyinyi mnagombana juu ya mbuzi, na hakuna mtu ameniuliza mimi."

Nilijua nimepita mpaka, na niliogopa kweli.

Baba aligeuza kiti, akanielekea. Baba yangu haulizi. Huamuru, nasi tunafuata. "Haya," akasema taratibu. "Kavutha, hizi mbuzi nipokee?"

"Pokea, baba." Nikalia, mimi mwenye mdomo. Masila naye alipangusa macho, na kwa mara ya kwanza hakueleza chochote.

Dume likachinjwa, wajomba wakarudisha vicheko vyao. Tulikuwa tunakula, mama akigawa muthokoi wa mahindi na maharagwe, aliposema bila kuinua kichwa: "Mbuzi zangu zilifika nikiwa shambani. Mimi sikuulizwa."

Baba akaweka mfupa chini. Nilidhani atakasirika. Akafuta mikono, akasimama mbele ya wageni wote, na sauti yake ikawa ndogo.

"Mama Kavutha, nimechelewa. Ungekubali?"

Mama alimaliza kumpakulia mjomba, akachukua sahani nyingine. "Ngoja nifikirie," akasema, akaendelea kupakua, na baba, mbele ya watu wote, akabaki amesimama akingoja.