Pete za Bata wa Mutashar

Pete kumi na tisa, na hata moja haikuwahi kuvaliwa na binadamu. Nashmiya alizitunga moja moja kwenye kamba ya sufu kadiri zilivyopatikana, akaining'iniza juu ya susu ya mtoto wake wa kwanza, kisha wa pili, mpaka wa sita, na wote sita walilala kwa mlio wake. Zilikuwa pete nyepesi, kila moja na namba yake na herufi za kigeni. Zilitoka miguuni mwa bata wa mwituni walionaswa na nyavu za mumewe, Mutashar.

Sasa watoto wako mijini, Mutashar yuko kaburini Najaf, na kamba imo ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya mablanketi. Nashmiya, pamoja na ukali wake wote, alikuwa anaiogopa.

Ukisikia juujuu utacheka, kwa hiyo ngoja nieleze. Kwetu kwenye mabwawa ya matete tunafuga nyati, na nyati mwenye alama ana mwenyewe. Akipotea akakutokea mlangoni, utamlisha na utamtafuta mwenyewe hata siku tatu kwa mtumbwi. Ukimchinja wewe ni mwizi, na wajukuu zako wataitwa wajukuu wa mwizi. Basi Mutashar alipomkuta bata wa kwanza na pete mguuni, alifikiri kama ambavyo yeyote wa kwetu angefikiri: huyu ni wa mtu. Huko kaskazini wanakotoka kila msimu wa baridi kuna bwana amewatia alama bata wake, na mimi nimemuulia mmoja. Bata mwenyewe alikuwa amekwisha kuzama na wavu. Mutashar hakumla wala hakumuuza. Alimzika.

Alimzika, naam! Huku ambako hata maiti za watu husafirishwa kwa kukosa ardhi kavu, mwanamume mzima na masharubu yake alipiga magoti ukingoni mwa kisiwa cha matete akamzika bata. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo akaitwa Mzika-bata, na harusini walimuuliza kama amekuja kula au kusoma hitima ya kuku. Yeye aliendelea kuzika tu. Mwaka huu pete moja, mwaka mwingine mbili, mwingine hakuna. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba pete zile ni za majasusi, na atakayekutwa nazo atanyongwa. Ndipo kamba ikashushwa kutoka kwenye susu ikaingia koponi.

Halafu maji yetu yakakaushwa na serikali ya wakati ule, na hayo sitaki kuyasimulia. Nashmiya na mumewe walihamia pembezoni mwa mji wa Nasiriya, kwenye nyumba ya udongo, na Mutashar akafa huko kwa kiu ya mabwawa, ingawa bomba lilikuwa uani. Siku ya mwisho alimshika mkewe mkono.

"Nashmiya, nitafutie wenyewe wale bata. Waniwie radhi. Sitaki nisimame mbele ya Mungu na haki za watu shingoni."

"Nitawatafuta wapi, wewe mtu? Mimi hata kusoma sijui."

"Utawatafuta," alisema. Akafa akiwa na wasiwasi usoni, na uso ule Nashmiya hakuusahau hata siku moja.

Maji yaliporudi, naye akarudi. Alijenga nyumba ya matete palepale, akanunua nyati wawili, akangoja. Alingoja nini, hakujua.

Januari moja akaletewa mgeni. Aliitwa Ibtihal, mwanamke wa Basra wa miaka thelathini hivi, viatu vya mpira hadi magotini na darubini kifuani. Aliyemleta ni Chasib, mtoto wa kaka yake Nashmiya, mwendesha mashua, mtu wa makamo asiyejua kufunga mdomo.

"Shangazi, nimekuletea mhesabu bata! Serikali imemaliza kuhesabu watu, sasa imehamia kwa ndege."

"Si serikali," alisema Ibtihal. "Sisi ni watu wa chuo. Kila Januari tunahesabu ndege wa majini, nchi nyingi siku zilezile, tujue wamebaki wangapi na wanakwenda wapi."

"Karibu, binti," alisema Nashmiya. "Kula kwanza. Wanaohesabu na njaa huwa wanaongeza."

Akampa malai ya maziwa ya nyati na mkate wa unga wa mchele wenye moto, na mgeni akala kama mtu aliyelelewa vizuri, yaani hakungoja kubembelezwa.

Kulipokucha waliingia mashuani watatu. Ibtihal alitazama kwa darubini, akabonyeza kidude cha kuhesabia mkononi. Nashmiya alikaa mbele, shungi limefungwa kidevuni. Mpaka jua lilipofika utosini walikuwa wamepata bata mia tatu na kumi na wawili, kukuziwa wachache, na wale bata wadogo wenye madoadoa, saba tu.

"Si haba," alisema Ibtihal. "Mwaka jana walikuwa mia mbili."

"Si haba?" Nashmiya aligeuka. "Mwanangu, usinitukane. Hapa ulipo, zamani ungepiga kofi moja tu, na usingemsikia mwenzako tena. Bata walikuwa wakiruka, kunaingia kivuli, nyati wanainua vichwa. Kelele zao usiku kucha, mpaka mama mkwe wangu anatoka nje kuwatukana. Alikuwa akiwataja kwa ukoo!" Akacheka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya shungi bila kuona haya. "Mia tatu na kumi na wawili. Masikini weee."

Chasib akageuza mashua.

Wakati wa kurudi Ibtihal alifungua begi lake kutafuta kalamu. Kikaanguka kijifuko, na pete zikatawanyika sakafuni mwa mashua. Nyepesi, ndogo, zenye namba.

Nashmiya aliokota moja akaigeuza. "Hizi umezitoa wapi?"

"Ni zangu. Nawavisha ndege."

"Zako?"

"Ndiyo, mama. Una nini? Mbona umebadilika rangi?"

"Twende nyumbani," alisema Nashmiya. Huko alimfukuza Chasib akachunge nyati, akateremsha mablanketi, akatoa kopo, akaiweka kamba mapajani mwa mgeni. Kisha akapiga magoti mbele yake, mtu mzima yule.

"Kumi na tisa. Mume wangu hakula hata mmoja, nakuapia kwa kaburi tukufu la Abbas. Alizika wote. Kama ni wako, au wa baba yako, au wa jamaa zako, tuwie radhi. Mchukue nyati mmoja. Wachukue wote wawili. Ila msamehe Mutashar."

Ibtihal alimwinua haraka. "Mama, astaghfirullah! Inuka. Hawana mwenyewe hawa."

"Usinidanganye kwa kunionea huruma. Kitu kimeandikwa jina, hakina mwenyewe?"

"Halijaandikwa jina la mwenyewe. Imeandikwa anwani. Anayemvisha ndege pete anamwachia. Anachotaka ni kimoja tu: atakayemwona ndege huyo aandike aseme, nimemwona hapa, siku fulani. Basi. Ni kama barua."

Nashmiya aliigusa kamba. Alimkumbuka Mutashar gizani, akizigeuzageuza pete karibu na taa ya mafuta, yeye asiyejua hata alifu.

"Kwa hiyo huyo mtu alikuwa anangoja barua," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kumi na tisa. Na sisi tukazining'iniza juu ya mtoto." Akajipiga kifuani. "Basi hiyo ni mbaya zaidi! Nyati aliyepotea utamrudisha. Mtu aliyekaa miaka anangoja habari, utamrudishia nini? Andika. Andika sasa hivi, na umuulize kama anatusamehe."

"Mama, fomu haina mahali pa kusamehe."

"Paweke!"

Ibtihal alitoa fomu. Kila pete ilidai mambo matatu: wapi, lini, na ndege alikuwa katika hali gani. Alizitazama namba zilizofifia, akahema. "Namba zinasomeka, na zote ni za anwani moja. Lakini mahali na tarehe, nani atakumbuka?"

"Mimi."

Akaishika kamba kama tasbihi. Hii ya kwanza ni ya baridi ya mwaka tuliooana, ziwa la Umm Jirri, upande wenye matete mafupi. Hii, siku tatu baada ya kuzaliwa mwanangu Hashim, mvua ya mawe ilikuwa imetoboa paa. Hii ya bata wa shingo ya kijani, ziwa la Abu Sawad, mwaka alipokufa mama mkwe, na bata wale aliokuwa akiwatukana wakatua mbele ya mlango siku ya arobaini. Ibtihal aliandika mpaka kidole kikamuuma. Mara mbili aliuliza ziwa liko wapi kwenye ramani, na mara mbili Nashmiya akamjibu, "Halipo tena. We andika."

Walipomaliza ya kumi na tisa, Nashmiya akasema, "Bado mmoja."

"Pete yake iko wapi?"

"Aliondoka nayo. Huyo alikuwa hai. Mutashar alimleta ndani ya shati lake, mimi nina mimba ya Hasna, tumbo hili hapa. Nikamwambia, huyu mrudishe kwa mwenyewe. Akasema, mwenyewe atajuaje kwamba tumemrudisha? Nikachomoa uzi mwekundu kwenye blanketi nililokuwa natarizi, nikamfunga mguuni juu ya pete. Fundo nikalipaka lami ya mtumbwi lisifunguke. Tukamrusha. Watu walitucheka! Walisema Mzika-bata sasa anawaozesha bata, amemvalisha bibi harusi."

Ibtihal aliweka kalamu chini. "Mama, bila namba haina maana. Hawawezi kumjua ni ndege gani."

"Andika."

"Nitaonekana mjinga kazini."

"Mume wangu alionekana mjinga miaka thelathini, na hakufa kwa hilo. Andika!"

Akaandika, chini kabisa, kwa herufi ndogo: bata mmoja, hai, uzi mwekundu, lami. Na chini zaidi, kwa kuwa mwanamke yule alisimama begani mwake kama askari, akaongeza: familia inaomba radhi.

Fomu ikatumwa, Januari ikapita. Februari bata wakaanza kuondoka, makundi madogomadogo yakielekea kaskazini. Kila lilipopita moja, Nashmiya alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi. Chasib akamtania, "Shangazi, unawapa ujumbe?" Akamwambia, "Nakupa wewe kofi." Lakini usingizi ulikuwa umemhama. Ikiwa yule mtu atasema hapana, je? Ikiwa amekufa, nani tena wa kusamehe? Uso wa Mutashar ukarudi kumtazama kila alipofumba macho.

Aprili, nyati mmoja amekwisha kuzaa, Ibtihal akaja kwa mashua ya Chasib bila kutarajiwa, katikati ya mchana, akakanyaga tope mpaka magotini kwa haraka ya kushuka. Simu ilikuwa mkononi.

"Amejibu," alisema. "Yuko hai. Anaitwa Gennadi. Ni mzee, amestaafu, anaishi pale mto mkubwa wa Urusi unapoingia baharini. Amemwandikia mwenzangu, naye amenifasiria."

"Anasemaje? Anasamehe au hasamehi?"

"Keti kwanza."

"Nimesimama miezi mitatu, dakika moja haitaniua. Soma!"

Ibtihal akasoma. Mzee yule aliandika kwamba ujanani aliwavisha pete maelfu ya bata, na kutoka upande wetu hakupata jibu hata moja. Kwenye ramani yake, mahali petu palibaki peupe. Alidhani labda hawafiki, au wanakufa njiani. Sasa ameweka alama kumi na tisa, kwa mkono wake, na majina ya maziwa kama mama alivyoyataja, hata yale yasiyokuwapo.

"Halafu anasema hivi," Ibtihal aliendelea. "'Kuhusu yule wa ishirini. Kiangazi kimoja, zamani, nilimnasa bata jike niliyemvisha mwenyewe mwaka uliotangulia. Juu ya pete yangu palikuwa na uzi mwekundu wa sufu, na fundo limezibwa kwa kitu cheusi kinachonuka kama barabara mpya. Niliukata uzi, nikamwacha aende na pete yake. Uzi ninao mpaka leo. Siku ile nilisema peke yangu mtoni: yeyote aliyemfunga huyu kisha akamrusha, hata akiniulia mia, sina neno naye. Mwambieni mama huyo nilisamehe tangu siku ile.'"

Akageuza simu. Kulikuwa na picha: karatasi ya manjano, na juu yake uzi mfupi mwekundu uliopauka, fundo jeusi mwishoni. Nashmiya aliitazama. Fundo lilikuwa lake, lile la mara mbili alilofundishwa na mama yake. Akaisogeza simu puani akainusa, na hakuna aliyecheka, hata Chasib.

"Kiangazi cha mwaka gani?" aliuliza.

Ibtihal akamtajia.

Akahesabu kwa vidole. "Hasna alikuwa hajaanza kutambaa." Akakaa chini, pale pale topeni. "Hasna alikuwa hajaanza kutambaa! Na mwanamume yule akaishi miaka ishirini roho juu, akafa nayo vilevile, na kumbe alikuwa amekwisha kusamehewa. Mutashar wangu. Mutashar wangu wee, ulikuwa unaogopa nini?"

Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, na walimwacha alie. Ndama alisogea akamlamba bega. Baadaye akanawa uso kwa maji ya bwawa, akavaa abaya, akaitoa kamba koponi akaivaa shingoni, pete kumi na tisa zikilia mbele ya watu wote.

"Chasib, washa injini."

"Kwenda wapi, shangazi?"

"Barabarani, nikapande gari la Najaf, makaburini."

"Leo? Jua hili? Si tungoje Alhamisi, twende na watu?"

"Leo," alisema Nashmiya, akiwa amekwisha kuingia mashuani. "Amelala na wasiwasi wa bure muda mrefu mno. Sitamwacha alale nao hata usiku mmoja zaidi."