Mbolea Iliyovuka Mfereji

Ndayisenga alikuwa mkulima wa mahindi kule Kiringye, na mbolea yake nyeupe aliimwaga juu ya udongo kwa mkono mpana, kama mtu anayepanda ulezi. Ndiyo maana Divine, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, aliyetoka Uvira, alichagua shamba lake kwa utafiti. Alifunika vindoo vya plastiki juu ya udongo, akangoja nusu saa, kisha akavuta hewa ya ndani kwa sindano na kuitia katika vichupa.

"Unatafuta nini, Madame?" Ndayisenga aliuliza.

"Mbolea yako inayopotea, Papa. Ingine inageuka hewa, inapanda juu na kuzidisha joto la dunia. Ingine inaondoka na maji."

Habari ya dunia ilimpita. Alichosikia ni "inapotea", akageuza macho kwa jirani yake Clovis, ng'ambo ya mfereji. Clovis hakuwahi kununua mbolea hata kilo moja, na mahindi yake yalikuwa ya kijani kiasi cha kuudhi.

Kesho yake alimpeleka Clovis kwa shefu wa kijiji.

"Mahindi yake iko inakula mbolea yangu," alisema. "Miye nataka nusu ya mavuno."

Clovis alicheka. "Weye uliniona naingia kwako na gunia?"

Shefu hakupenda kubahatisha, akamwita Divine atoe ushahidi. Divine alitamani ardhi immeze. Maji ya mfereji alikuwa ameyapima pia, na majibu yalikuwa kwenye daftari lake.

"Hewa si shida ya Clovis," alisema polepole. "Lakini maji yanamwendea. Mvua ikinyesha baada ya Papa kumwaga mbolea, sehemu yake inashuka katika mfereji na kufika mpaka shamba lake."

Ndayisenga alisimama, akawatazama watu mmoja mmoja kama aliyeshinda uchaguzi. Clovis aliacha kucheka.

"Ndayisenga," shefu alisema, "ukimwaga mchele wako mu barabara, kuku ya jirani ikule, utashitaki kuku?"

Kesi ikaishia hapo, kwa kicheko cha wengine wote.

Divine alimwonyesha Ndayisenga namna ya kuizuia mbolea isipotee: shimo dogo kando ya kila mche, kijiko kimoja cha mbolea, udongo juu. Mkewe, Fanny, alisema hakuolewa ili alishe mahindi kwa kijiko kama watoto wachanga. Hata hivyo waliinama wiki nzima. Vindoo vilipopimwa tena, hewa ilikuwa imepungua sana, na mahindi yakanenepa kwa mbolea kidogo kuliko ya zamani.

Msimu ule Clovis alikuja asubuhi moja, kofia mkononi. Majani ya mahindi yake yalikuwa yameanza kuwa njano.

"Jirani, siku hizi haumwage tena?"

"Niliacha."

Clovis aliutazama mfereji. "Hata kidogo tu, upande wa mfereji?"

"Mbolea wanauzisha ku soko ya Sange," Ndayisenga alisema. Na kwa jinsi alivyokuwa na furaha, akampeleka mwenyewe kwa baiskeli.